Karanga za Rabi Akiva

Hotuba kwa walimu wa madrasa, wa katekisimu na wa shule ya Jumapili, Bukoba. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimeanza na zote tatu kwa sababu nawaona wote mmo humu, na kwa kuwa mada yenyewe ni ya watu wa nne, basi na Shalom.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie kurithisha watoto dini, nilimwuliza: dini ipi? Akanijibu, mwalimu, yoyote, mradi usizidishe muda. Nikachagua ya Wayahudi. Najua wapo waliokunja uso walipoiona kwenye ratiba. Habari za vita tunazisikia kila asubuhi redioni na kila mmoja wetu ana msimamo wake, hata mimi ninao. Leo siusemi. Leo nazungumzia meza ya chakula, na mtoto aliyekaa kwenye hiyo meza akisinzia.

Mmeona pia pale mlangoni nimewagawia watoto karanga. Mzee mmoja ameniuliza kama kuna harusi. Vuta subira, mzee wangu, zina kazi yake.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa askari katika vita vya Kagera. Hapa sina haja ya kueleza vita hivyo. Wapo humu walioliona daraja la Kyaka limelala mtoni. Mjomba alikuwa katika wale walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Siku ile alikuwa akiisimulia kila alipopata msikilizaji, na asipompata alitusimulia sisi tena. Kitu kimoja hakukijua, na mimi nimekijua ukubwani: jua lilipozama Jumatano ile, Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaingia. Usiku ule ule. Usiku wa kusimulia jinsi watu walivyotoka utumwani kwa Farao.

Na Uganda kulikuwa na watu walioujua usiku huo. Zaidi ya kilomita 200 mashariki ya Kampala, kwenye vilima vya Mbale, kuna wakulima wanaojiita Abayudaya, yaani Wayahudi. Mhaya hahitaji mkalimani hapo. Majeshi yetu yalikuwa bado hayajafika Mbale. Utawala wa Amin ulikuwa umepiga marufuku ibada yao, na kwa miaka waliokuwa wakisali walisali kwa kujificha. Kisha siku ya kuingia Pasaka, Kampala ikaanguka. Mjomba angelijua hilo angelisimulia mpaka kaburini.

Watu hawa wametoka wapi? Hawakutoka Yerusalemu. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, Mganda, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki kisha akakosana nao, maana hawakumpa ukubwa alioutarajia. Kusoma Biblia alijifunza kwa wamisionari. Akaisoma kwa Kiganda, akaisoma sana, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuegemea vitabu vya Musa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Husimuliwa kwamba alipoambiwa, bwana wee, hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu: basi kuanzia leo sisi ni Wayahudi. Mwaka uliofuata akapita mgeni, Myahudi aitwaye Yosefu, akakaa nao kama miezi sita akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Akaondoka. Kakungulu akafariki mwaka 1928.

Wayahudi wana kitabu kiitwacho Mishna, kilichokusanywa kiasi cha mwaka 200, na ndani yake mna orodha: Musa aliipokea Torati Sinai, akamkabidhi Yoshua, Yoshua akawakabidhi wazee, wazee wakawakabidhi manabii. Mkono kwa mkono, kama isnadi, ule mlolongo wa wapokezi wa hadithi za Mtume. Masheikh mtanielewa haraka kuliko wengine. Sasa mnyororo wa Mbale una Kakungulu, Biblia ya Kiganda na mgeni wa miezi sita. Mtu makini angesema hauvuki kizazi cha pili. Umevuka. Ndiyo sababu nawapenda hawa kama mfano: kwingine mnyororo ni mrefu mno, mwanzo wake huuoni. Hapa unauona ukifungwa.

Umevukaje? Nitarudi Mbale. Kwanza twende mezani.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, aya ya 7: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii." Myahudi huisoma aya hiyo asubuhi na jioni, kila siku. Neno la Kiebrania lililofasiriwa hapo lina mzizi wa kunoa. Kunoa, kama panga. Nilipolijua nilikaa nalo siku nzima. Anayenoa hapitishi mara moja akaenda zake. Anapitisha, anageuza, anapitisha tena, na lazima viwepo vitu viwili vinavyosuguana. Kisu peke yake hakinoleki, na jiwe peke yake ni jiwe tu.

Mwaka 70 Warumi walibomoa Hekalu la Yerusalemu. Mpaka hapo Pasaka ilikuwa safari: unakwenda Yerusalemu, mwanakondoo anachinjwa Hekaluni, mnakula. Hekalu likaisha, madhabahu ikaisha, kuhani hana kazi. Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mijadala ya wanazuoni, inasimulia juu ya rabi mmoja, yaani mwalimu wa dini, Yohanani ben Zakai, aliyetolewa nje ya mji uliozingirwa ndani ya jeneza kama maiti, akamfikia mkuu wa jeshi la Warumi, akapewa nafasi ya kuomba. Hakuomba Hekalu. Aliomba mji mdogo wa Yavne na wanazuoni wake. Aliomba shule, kwa ufupi. Na ile Pasaka iliyokuwa ya madhabahu ikahamia kwenye meza ya nyumbani, na pale palipokuwa na kuhani akawekwa mtoto.

Sikilizeni meza hiyo ilivyopangwa, maana imepangwa kwa hila. Chakula chenyewe kinaitwa Seder, yaani utaratibu. Kuna mkate usiotiwa chachu, mkavu, unavunjika kama kigae. Kuna mboga chungu, na bakuli la maji ya chumvi. Kuna rojo la matunda na njugu lenye rangi ya udongo, kukumbusha matope ya matofali ya Misri. Watu wana njaa, jua limezama zamani. Baba anabariki kikombe cha kwanza, wanachovya jani kwenye maji ya chumvi, na mtoto anajua sasa tunakula. Hawali. Baba anauvunja mkate mmoja vipande viwili na nusu yake inakwenda kufichwa. Kikombe cha pili kinamiminwa. Mtoto anaangalia: mbona haya yote? Na hapo ndipo wanapomtaka. Mdogo kuliko wote anasimama, anauliza: kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Usiku mwingine tunakula mkate wowote, leo usio na chachu tu. Usiku mwingine mboga yoyote, leo chungu. Usiku mwingine hatuchovyi, leo mara mbili. Usiku mwingine tunakaa tupendavyo, leo wote tumeegemea.

Hajauliza, hakuna kusimulia. Kitabu chao cha usiku huo kinaitwa Hagada, yaani masimulizi, na masimulizi yote yamejengwa kama jibu.

Sasa karanga. Talmudi inasema Rabi Akiva alikuwa akiwagawia watoto bisi na njugu jioni ya Pasaka, ili wasilale, wapate kuuliza. Mwenzake Rabi Eliezeri akaongeza: inyakueni mikate kwa haraka, kwa ajili ya watoto, wasisinzie. Fikirini. Hawa ni wanazuoni wakubwa wa zama zao, kila neno lao limejadiliwa miaka 1900, nao wanahangaika na njugu za kumweka mtoto macho. Mimi nimehudhuria semina nyingi za malezi. Sijasikia njugu.

Kingine. Kulikuwa na mwanazuoni wa Babeli, nchi ya Irak ya leo, jina lake Abaye, aliyelelewa nyumbani kwa mwalimu wake Raba. Usiku wa Pasaka akaona meza inaondolewa mbele yao kabla hawajala. Akashtuka: hatujala bado, mnaondoa meza? Raba akamwambia: umetuondolea wajibu wa kusoma yale maswali. Yaani swali lako la njaa limetosha. Yale manne mazuri ya kitabuni yamewekwa kwa ajili ya nyumba ambayo mtoto wake hakushtuka.

Na kama hakuna mtoto? Mke anamwuliza mume. Hana mke? Anajiuliza mwenyewe, kwa sauti, peke yake mezani. Hata wanazuoni wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka, usiku huo wanaulizana. Mzee wa miaka themanini, rabi, amejifungia chumbani, anajiuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Jibu analijua tangu ana miaka mitano. Lakini hata yeye, bila swali, halitoi.

Hagada ina wana wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Wa pili ndiye anayenivuta. Anasema: ibada hii *kwenu* ina maana gani? Kwenu, si kwetu, amejitoa. Baba anaelekezwa amtie meno ganzi, kabisa, kwa maneno hayo hayo. Jibu kali. Lakini tazameni yuko wapi anapojibiwa. Yuko mezani. Sahani yake ipo. Hakuna mahali Hagada inaposema atolewe nje.

Nalisema hili kwa sababu mimi nilimtoa nje. Mwaka wangu wa pili kazini, shule fulani, kipindi cha dini, mtoto wa darasa la nne aliniuliza: mwalimu, kabla Mungu hajaumba mbingu alikuwa anakaa wapi? Darasa likacheka. Nikamwita mjuaji, nikamwambia asimame nje mpaka kengele. Alisimama chini ya mwembe, akawa anabandua magamba ya mti kwa kidole, moja moja. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo, na niliona aibu. Mwaka ule wote hakuniuliza kitu kingine. Alifaulu vizuri tu. Somo langu alipata alama za juu. Lakini ndani ya kipindi changu palikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa hayupo.

Sisi tuna "samaki mkunje angali mbichi." Sawa. Samaki hana neno, unamkunja anakunjika. Ila samaki unayemkunja amekwisha kufa.

Niseme kidogo juu ya shule, maana nyie ni walimu. Talmudi inasimulia kwamba zamani kila baba alimfundisha mwanawe mwenyewe, na asiye na baba hakusoma. Basi. Yatima alipotea. Wakaweka walimu Yerusalemu. Anayekwenda ni mwenye baba wa kumpeleka, yatima bado yuko nje. Wakaweka walimu kila wilaya, kwa vijana wa miaka 16 na 17. Mwalimu akikasirika, kijana anagoma anakwenda zake. Mpaka akaja kuhani mkuu Yoshua ben Gamla, miaka michache kabla ya Hekalu kubomolewa, akaagiza walimu wawekwe katika kila mji, watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba. Wakasema juu yake: bila yeye, Torati ingesahauliwa. Si bila Musa. Bila huyu mtu wa walimu wa vijijini.

Na wakapanga idadi: watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wakifika 40, awekewe msaidizi. Wakifika 50, walimu wawili. Nawaona mnacheka. Mwenye madrasa ya watoto 110 na ubao mmoja anyooshe mkono... Ehe. Na fimbo: rabi mmoja mkubwa alimwagiza mwalimu wa watoto kwamba ukimpiga mtoto, usimpige ila kwa kamba ya kiatu. Anayesoma, asome, asiyesoma, akae awe mwenzi wa wenzake. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Asiyeelewa hafukuzwi. Anakaa. Huenda siku moja akashtuka kama Abaye.

Ujerumani, enzi za kati, siku ya kwanza ya masomo walimfunika mtoto kwa joho la sala, wakambeba mpaka kwa mwalimu, akawekewa ubao wa herufi uliopakwa asali. Analamba. Alefu tamu, beti tamu.

Turudi kwa yule mwana wa nne, asiyejua kuuliza. Hagada inamwambia mzazi: wewe mfungulie. Hilo neno "wewe" lililoandikwa pale, katika Kiebrania ndilo unalomwambia mwanamke. Wafasiri wamelizungumza sana. Mimi nikilisikia, nawafikiria wanawake wa Belmonte.

Belmonte ni mji mdogo wa milimani Ureno. Mwaka 1497 Wayahudi wa Ureno walilazimishwa kubatizwa. Baadaye likaja baraza la kuchunguza nani anasali kwa siri, na adhabu yake ilifika mpaka moto. Hakuna sinagogi, hakuna rabi, hakuna kitabu. Kitabu kikionekana ni ushahidi. Sala zikabaki vichwani mwa wanawake, mama kwa binti, kwa Kireno. Taa ya Sabato waliwasha imefichwa isionekane nje. Mwaka 1917 akafika mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, Myahudi. Wakamkatalia. Walidhani katika dunia nzima wamebaki wao tu. Mama mmoja mzee akamwambia: kama wewe ni Myahudi, sema basi sala moja ya Kiyahudi. Akasema ile ya Kumbukumbu la Torati, "Sikiliza, Israeli," kwa Kiebrania, lugha wasiyoijua. Alipofika kwenye neno Adonai, Bwana, yule mama akafunika macho kwa mikono. Neno hilo walikuwa nalo. Kwa miaka zaidi ya 400, katika Kiebrania chote, hilo ndilo lililokuwa limesalia midomoni mwao, na likatosha. Leo mji huo una sinagogi, limefunguliwa mwaka 1996.

Kina baba, tunajisifu sana kwenye majukwaa. Ule mnyororo haukupita kwetu.

Hata walipofunguliwa milango, mabinti walichelewa. Huko Kraków, mwaka 1917 huo huo, Sarah Schenirer, mshona nguo, alianzisha shule ya dini ya wasichana kwa sababu aliwaona kaka zao wanakwenda kusoma, wao wanabaki. Fundi cherehani. Naliacha hapo, kina mama wa shule ya Jumapili mtalimalizia wenyewe.

Sasa Mbale. Baada ya Kakungulu, wazee walishika. Mmoja wao ni Samson Mugombe. Ikaja miaka ya Amin, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na nani atawalaumu. Husemwa waliobaki walikuwa kama 300. Amin alipoondoka, waliokirudisha kilima cha Nabugoye walikuwa vijana. Wajukuu. Walikaa pamoja pale kilimani, wakalima, wakatunga tuni za zaburi kwa Kiganda na Kiebrania zenye midundo ya kwao. Wakawauliza wazee: ilikuwaje? Huimbwaje? Kwa nini hatuli hiki? Mjukuu wa Mugombe, Gershom Sizomu, mwaka 2008 alihitimu kuwa rabi huko Los Angeles, akarudi Mbale, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Kabla ya hapo, mwaka 2002, jopo la marabi liliwapokea mamia yao rasmi, kwa maswali na kwa kuzamishwa majini. Wapo Wayahudi wa upande mkali ambao hawawatambui mpaka leo. Abayudaya wanalijua hilo, na Ijumaa jioni wanawasha mishumaa vile vile.

Nimefika mwisho, Mwenyekiti ametazama saa mara mbili. Nilikuwa na mengine, juu ya karamu ya mvulana wa miaka 13 na msichana wa 12, juu ya mwandishi wa Torati anayeandika herufi 304,805 kwa mkono na mojawapo ikikosekana gombo haliwezi kusomwa ibadani. Yatangoja.

Karanga naona zimekwisha. Na yule binti wa gauni la njano, pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja kamba ya kiatu, na kila akinyoosha mama yake anaushusha. Mwachie, mama. Haya, binti yangu, simama. Sema kwa sauti, wazee hawa masikio yamechoka.